MWALIMU NYERERE: MTOTO ALIYESOMESHWA KWA HELA ZA WATU

Ukiwa na noti ya buku mfukoni itoe kidogo uiangalie. Huyo mzee tunamjua wote: Baba wa Taifa, Oktoba 14 kazi zinasimama kwa ajili yake, hotuba zake zinapigwa redioni tangu asubuhi. Uhuru, Muungano, Azimio la Arusha, vita ya Kagera, hayo tumefundishwa tangu darasa la tatu.

Leo nataka tumuangalie kwa upande mwingine kabisa, upande wa hela ya shule. Nani alimlipia yeye? Yeye alipokamata nchi akawalipia akina nani? Na kwanini mpaka leo dogo wa Tangini anayetaka kusomea umeme au uchomeleaji bado anahangaika na mama yake kutafuta hela ya overoli, wakati mwenzake aliyekwenda digrii anaweza kuomba mkopo wa serikali? Twende taratibu, stori ni ndefu ila ina faida.

MTOTO WA BUTIAMA

Kambarage alizaliwa Aprili 13, 1922, kijijini Butiama, mkoa ambao leo tunauita Mara. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, mama yake Mugaya. Usidhani mtoto wa chifu ndiyo alikuwa anakula kuku kila siku. Mzee alikuwa na wake wengi na watoto wengi, na Kambarage alichunga mbuzi kama watoto wengine wa kijiji.

Shule aliianza akiwa na miaka 12, mwaka 1934, pale Mwisenge, Musoma, akilala bwenini. Inasimuliwa kwamba chifu rafiki wa baba yake ndiye aliyeona namna kijana anavyocheza bao, akasema huyu akili yake si ya kuachwa porini. Hapo ndipo hesabu yetu inaanza. Shule ile ilikuwa ya utawala wa wenyeji. Hela ya kuiendesha ilitoka wapi? Kwenye kodi. Mkulima wa pamba na mfugaji wa ng'ombe walikuwa wanakamuliwa kodi ya kichwa kila mwaka, na kipande kidogo sana cha kodi hiyo ndicho kilichofungua madarasa machache. Wengi waliolipa hawakuwa na mtoto hata mmoja pale shuleni.

Mwaka 1937 akaingia Tabora, shule ya serikali iliyokuwa ya watoto wachache waliochaguliwa nchi nzima. Mwaka 1943 akaenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Aliporudi akafundisha St. Mary's, Tabora. Halafu mwaka 1949 akapata ufadhili wa serikali wa kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Akarudi mwaka 1952 na shahada yake ya M.A., miongoni mwa Watanganyika wa mwanzo kabisa kusoma chuo kikuu huko Uingereza.

Sasa piga hesabu. Tangu Mwisenge mpaka Edinburgh, kwa kiasi kikubwa njia yake ilifunguliwa na hela ya umma. Bila hela hiyo angebaki Butiama akicheza bao vizuri, basi. Mwalimu mwenyewe hakulisahau hilo, na ukilishika jambo hili utaelewa mengi aliyoyafanya baadaye, mazuri yake na hata ya ukali.

PUGU, JIRANI ZETU WA KISARAWE

Watu wa Kisarawe hii ni yenu. Mwaka 1953, baada ya kumuoa Maria Gabriel, Mwalimu alikuja kufundisha shule ya St. Francis, Pugu, pale milimani jirani kabisa na Kisarawe. Mwaka huohuo akachaguliwa kuongoza chama cha TAA, na Julai 7, 1954 kikazaliwa TANU. Inasimuliwa kwamba alikuwa anatembea kwa miguu toka Pugu mpaka Dar kwenye mikutano, kisha anarudi kuwahi vipindi. Leo sisi daladala ikichelewa nusu saa tunalalamika mpaka povu linatoka!

Mwaka 1955 TANU ilitaka kumpeleka Umoja wa Mataifa, New York, akaeleze habari za Tanganyika. Nauli ilipatikana kwa michango. Wanachama wa kawaida wakachangishana, shilingi kwa shilingi, jamaa akapanda ndege. Kwa mara nyingine tena alikuwa amebebwa na mifuko ya watu ambao wenyewe hawajawahi hata kupanda treni.

Aliporudi akabanwa achague: chaki au siasa. Akaacha kazi, na mshahara akauacha. Hakuna aliyekuwa na uhakika kama TANU itafika popote, na nyumbani alikuwa na mke na watoto wa kulisha.

MFANO WA CHAKULA CHA KIJIJI

Uhuru ulikuja Desemba 9, 1961. Wasomi walikuwa wa kuhesabu. Nchi haikuwa na madaktari wa kutosha, wala wahandisi, wala mafundi. Miezi michache kabla ya hapo, Chuo Kikuu kilikuwa kimeanza kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, Dar, na darasa dogo la wanafunzi wa sheria.

Serikali yake ikaamua elimu ya juu italipiwa na taifa. Mwaka 1964 ada ikafutwa sekondari za serikali. Chuo kikuu ukipata nafasi unalipiwa masomo, malazi na chakula, lakini ukimaliza unalitumikia taifa kwa miaka kadhaa. Hakuna cha bure moja kwa moja, ni mkataba.

Mwalimu alikuwa na mfano aliopenda kuutoa kwa wanafunzi. Wanakijiji wana njaa, wamebakiwa na chakula kidogo. Wanakikusanya chote wanampa kijana mmoja mwenye nguvu, ale ashibe, aende mbali akawaletee chakula zaidi. Kijana yule akila akaondoka moja kwa moja asirudi, ni msaliti. Kwake yeye mwanafunzi wa chuo kikuu ndiye kijana huyo. Na mkitaka kujua, alikuwa anajizungumzia yeye mwenyewe kabla ya mwanafunzi yeyote.

Ndiyo maana mwaka 1966 aliwaka. Serikali ilitaka wahitimu waingie JKT, miezi kadhaa kambini na muda uliobaki wafanye kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wakaandamana mpaka Ikulu kupinga. Mwalimu akawasikiliza, kisha akawafukuza chuo, wapatao 400, warudi kwa wazazi wao. Papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wa viongozi wengine wa juu ukapunguzwa pia. Wengi wa wanafunzi wale walirudishwa mwaka uliofuata.

Alikosea? Kuna wanaosema ulikuwa ubabe, mwanafunzi naye ana haki ya kudai. Kuna wanaosema alikuwa sahihi asilimia mia. Mimi naona vyote viwili vipo. Kuwarudisha vijana 400 kwao kwa siku moja ni ukali wa kutisha, hasa kwa nchi isiyo na wasomi. Lakini kiongozi anayeanza kwa kujikata mshahara wake mwenyewe, wangapi tumewaona?

KIBAHA INAINGIA KWENYE STORI

Mwaka 1963 serikali ilisaini mkataba na nchi za Nordic, yaani Sweden, Norway, Denmark na Finland, kujenga kituo hapa kwetu Kibaha, kandokando ya barabara ya Morogoro, kama kilomita 40 toka Dar. Kituo kilikuwa na vitu vitatu: sekondari, kituo cha afya, na kituo cha mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 wafadhili wakakabidhi, ndiyo hili Shirika la Elimu Kibaha tunalolijua na eneo lile la Tumbi.

Angalia ule mpangilio. Sekondari kwa wale watakaokwenda juu, na palepale uzio mmoja mafunzo ya mkulima ambaye hataona chuo kikuu maisha yake yote. Sekondari ya Kibaha ikawa maarufu nchi nzima, vipaji vikatoka pale. Mafunzo ya wakulima nayo yakaja kuwa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Jiulize ni kipi kati ya hivyo viwili kinajulikana zaidi mpaka leo. Jibu unalo.

Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu akatoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake kwa ufupi: shule zetu zinawaandaa watoto wote kwa ajili ya sekondari, wakati wanaokwenda huko ni wachache sana. Wanaobaki wanaonekana wameshindwa maisha wakiwa bado watoto. Akataka shule iwe na shamba na karakana, na mtoto amalize akiwa anaweza kufanya kitu.

Kwenye utekelezaji mambo yakaharibika. Shule nyingi karakana haikuwepo, lilikuwepo jembe tu. Na jembe lenyewe likawa adhabu: umechelewa, nenda kalime. Mtoto akamaliza shule akiwa ameichukia kazi ya mikono kuliko alivyoingia. Hilo hata wanaompenda sana Mwalimu wanakiri.

VYUO VYA WANANCHI

Kabla ya hapo tukumbuke jambo moja. Mwaka 1967 takwimu za serikali zilionyesha karibu theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma. Ikapigwa kampeni ya kisomo nchi nzima, wazee wakakaa chini ya miembe na madaftari, na mwaka 1986 serikali ikatangaza kwamba wasiojua wamebaki chini ya asilimia 10. Sasa mtu mzima ameshajua kusoma, anafanya nini na kusoma kwake?

Jibu likawa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975. Wazo lilitoka kwenye vyuo vya watu wazima vya nchi za Nordic, na Sweden ikasaidia sana kuvijenga. Vikafika zaidi ya 50 nchi nzima. Kibaha kimo, na Kisarawe kimo. Uashi, useremala, ushonaji, kilimo, mapishi, ufundi chuma. Utaratibu wake wa mwanzo ulikuwa mzuri sana: kijiji chenyewe kinachagua nani aende, gharama zinabebwa na umma, akimaliza anarudi kijijini kufanya kazi. Ni ule mfano wa chakula cha kijiji, safari hii kwa fundi badala ya msomi.

Mwaka mmoja kabla, 1974, ikapitishwa sheria ya mafunzo ya ufundi stadi, na vituo vya ufundi vya serikali vikaanza kupangwa kitaifa. Mwaka huohuo likatoka Azimio la Musoma, na mwaka 1977 ukaanza mpango wa kila mtoto kusoma shule ya msingi. Kwa kweli kwa miaka ile, nchi maskini kuthubutu hivyo haikuwa mchezo.

HELA ILIPOKAUKA

Halafu yakaja yaliyokuja. Mafuta yalipanda bei, ukame, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita na Idi Amin 1978 hadi 1979. Na tuseme ukweli, sera nyingine za Mwalimu mwenyewe zilichangia: viwanda na mashirika ya umma mengi yalikuwa yanakula hasara. Maduka yakawa matupu. Serikali ikikosa hela huwa inakata wapi kwanza? Haikati kwa wenye sauti. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuandamana mpaka Ikulu, tumeona 1966. Fundi mwanafunzi wa chuo cha wananchi kule wilayani ataandamana aende wapi?

Basi vile vyuo vikaachwa vijitegemee kwa mashamba yao. Vifaa vikachakaa, randa zikawa butu, cherehani zikafa zikawekwa pembeni. Mwalimu wa ufundi bila vifaa anafundisha kwa kuchora ubaoni. Umeshawahi kujifunza kuogelea ubaoni wewe?

Mwaka 1985 Mwalimu aling'atuka urais, akarudi Butiama kulima. Uenyekiti wa CCM aliuacha 1990. Alifariki Oktoba 14, 1999, katika hospitali ya St. Thomas, London, kwa ugonjwa wa kansa ya damu, akazikwa kwao Butiama. Miaka yake ya mwisho aliona ada zinarudi sekondari, kuchangia gharama kukaingia vyuo vikuu, na akawa anayasema wazi yale asiyoyapenda.

BAADA YAKE: NANI ANAMLIPIA FUNDI?

Mwaka 1994 ikaundwa VETA kwa sheria, na hapa kukawa na wazo zuri. Mafunzo ya ufundi yatalipiwa na tozo ya waajiri: kampuni inakatwa asilimia fulani ya jumla ya mishahara inayolipa, hela inafundisha vijana, kampuni inapata mafundi. Tozo hii ikaja kuitwa ya kuendeleza ujuzi. Iliwahi kufika asilimia 6, imekuwa ikipunguzwa, na mwaka 2023 ikashushwa hadi 3.5.

Sasa sikilizeni hii vizuri. Kwa miaka mingi mgawo wa tozo hiyo ulikuwa theluthi moja kwenda VETA na theluthi mbili Hazina, ambako kiasi kikubwa kilielekezwa mikopo ya elimu ya juu. Waajiri wamelilalamikia hilo mara nyingi. Yaani tozo ilianzishwa kwa ajili ya fundi, halafu sehemu kubwa ikamsomesha mwenye digrii! Sina ugomvi na wa digrii, naye ni mtoto wa maskini mara nyingi na mkopo wake anaurudisha. Lakini sufuria ilibandikwa kwa jina la fundi, na fundi ndiye akapewa ukoko.

Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005. Mwaka wa masomo 2023/24 ikawakopesha wanafunzi wa stashahada kwenye fani chache za kipaumbele. Bajeti ya mwaka huohuo ikatangaza kufuta ada kwa wanaojiunga na vyuo vya ufundi vya DIT, Mbeya na Arusha. Hizo ni hatua, tusiwe wanyimi wa shukrani. Ada ya vyuo vya VETA nayo ilishushwa na serikali hadi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Na Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa na programu ya kukuza ujuzi iliyowalipia vijana mafunzo ya uanagenzi.

Lakini ukiwa na cheti chako cha form four, matokeo siyo mazuri, unataka kusomea ufundi wa cheti hapahapa Kibaha, mlango wa mkopo haukufunguliwa kwako kwenye hatua ile ya 2023. Ada inaonekana ndogo ukiitaja. Ongeza nauli kila siku, chakula cha mchana, overoli, buti, vifaa vya mazoezi, hela ya mtihani. Kwa mama anayeuza vitumbua stendi hiyo si ndogo hata kidogo. Na ukimaliza unahitaji mashine ya kuchomelea au cherehani ndipo uitwe fundi, la sivyo una karatasi tu.

KILICHOBAKI NI DENI

Nimeandika haya si kumfanya Mwalimu malaika. Alikosea mengi, na elimu ya jembe ilikuwa mojawapo. Lakini kuna jambo moja aliliona ambalo sisi tunalipoteza: hela ya umma ikimsomesha mtu, lile ni deni la watu, na deni hilo haliangalii kama umesoma sheria au umesoma kufunga mabomba. Yeye alisomeshwa na wakulima ambao hakuwahi kuwaona sura, na akaishi kama mtu anayedaiwa.

Nasi tunadaiwa mara mbili. Wale waliosomeshwa na umma wanadaiwa kurudisha kwa kazi zao. Na umma unadaiwa na yule dogo aliyekosa kidato cha tano, kwa sababu kila siku ananunua vocha, sabuni na sukari, na kwenye kila kimoja kuna kodi. Naye ameweka chakula chake kwenye kapu la kijiji. Mpaka lini kapu litarudi likiwa na chakula cha wengine tu?

Chuo cha wananchi cha Kibaha na cha Kisarawe vilianzishwa kwa ajili yenu. Mkipita nendeni mkaulize ofisini fani zilizopo, ada, na kama kuna ufadhili wowote mwaka huu, usingoje kuambiwa kijiweni. Diwani na mbunge wakija kuomba kura waulizeni swali moja tu: fundi wetu analipiwa na nani?

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kama umepita VETA au chuo cha wananchi tuambie ulilipiwa na nani na ulitokaje. Toeni maoni ila matusi wekeni pembeni. Kwa leo naishia hapa, muda wa mashine unakata.